Ameharibika au Ameharibiwa? Rosa Mistika na Hoja ya "Wakati Ule"

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hoja inayojitokeza mara kwa mara katika uhakiki wa riwaya za Kiswahili za zamani, kwamba nafasi za wanawake ndani yake zihukumiwe kwa kuzingatia wakati wa kihistoria. Kwa kurejelea Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi na, kwa kiasi kidogo, Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, makala yanadai kwamba hoja hiyo ni halali lakini hutumiwa isivyo. Wakati wa riwaya huchukuliwa kuwa na kauli moja, ilhali ulikuwa uwanja wa ugomvi. Aidha, lugha ya wahakiki wa leo kuhusu Rosa ina mwelekeo wa kuwa kongwe zaidi kuliko riwaya yenyewe.

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania hukutana na swali la "nafasi ya mwanamke" mapema, na jibu lake hulikuta limekwisha kuandaliwa. Mwanamke amechorwa kama mlezi. Amechorwa kama chombo cha starehe. Amechorwa kama kiumbe duni. Amechorwa kama mtu jasiri. Kila kipengele hupewa mhusika mmoja au wawili na tukio la kukithibitisha. Orodha hiyo huweza kutumiwa kwa riwaya ya mwaka 1971 na kwa tamthiliya iliyotoka juzi bila kubadilishwa hata neno moja, na hapo ndipo penye udhaifu wake: haina tarehe. Inamchukua mhusika kana kwamba aliishi nje ya sheria yoyote, nje ya shule yoyote, nje ya mahari ya kiwango chochote.

Waliouona udhaifu huo wamependekeza dawa, nayo ni kuwapima wahusika wa kike wa kazi za zamani kwa wakati wao. Dawa ni nzuri. Tatizo ni namna inavyonyweshwa. Mara nyingi "wakati ule" hutajwa mwishoni mwa uchambuzi, kwa namna ya utetezi: jamii ilikuwa hivyo, wanawake walikuwa hivyo, mwandishi aliakisi tu. Kauli ya aina hiyo haina historia ndani yake, japo inaitaja. Inaugeuza wakati kuwa mtu mmoja mwenye sauti moja, kisha inamwita mtu huyo mahakamani aje kumtetea mwandishi.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulipata kusomwa kwa njia hiyohiyo. Kwa muda mrefu usomaji wake ulivutwa kati ya kuulaumu kwa unyenyekevu wake na kuusamehe kwa umri wake. Palihitajika wahakiki wa kuuliza swali jingine: mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa na akimwachia binti yake wasia, alikuwa akimkabidhi nini ndani ya unyenyekevu huo? Swali hilo lilikuwa la kihistoria kweli, kwa sababu lilimtazama mtunzi kama mtu aliyekuwa na jambo la kufanya katika wakati wake, si kama sampuli ya wakati huo. Riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970 inastahili kuulizwa vivyo hivyo.

Kuharibika na kuharibiwa

Mkondo wa Rosa Mistika unajulikana. Rosa, binti mkubwa wa Zakaria na Regina, analelewa kisiwani Ukerewe chini ya baba anayemzuia kabisa kuwa karibu na wavulana na anayemwadhibu kwa kipigo pale barua ya Charles inapobainika. Anapelekwa shule ya sekondari Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro. Akiwa mbali na macho ya baba, anaingia katika mahusiano na wanaume kadhaa, baadhi yao wakiwa watu wa elimu na nyadhifa, anatoa mimba, na hatimaye Charles, aliyekuwa tayari kufunga naye ndoa, anamkataa baada ya kubaini kwamba si bikira. Rosa anajiua. Jina lake, ambalo ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Loreto, linabaki juu ya jalada kama kejeli au kama ombi, riwaya haichagui.

Kitabu kilizuiwa kutumika shuleni baada ya kutoka, na baadaye kikaingizwa katika orodha ya vitabu vya fasihi vya shule za sekondari. Vizazi vya wanafunzi vimekwisha kukifanyia mtihani. Kilichosalia katika madaftari yao kinaweza kufupishwa kwa kitenzi kimoja: Rosa ameharibika.

Kitenzi hicho kinastahili kusimamishwa kidogo. Kiambishi cha kauli ya kutendeka huieleza hali iliyomfika mtu au kitu bila kumtaja aliyeisababisha, na, kwa kanuni ya Kiswahili Sanifu, hakimruhusu mtenda aingie hata kwa mlango wa nyuma. Mtu husema kikombe kimevunjwa na Juma. Hasemi kimevunjika na Juma. Kinachoweza kuongezwa ni chanzo tu, tena kwa kihusishi "kwa": nyumba imeharibika kwa mvua. Ndivyo miongozo ya fasihi inavyosema kuhusu Rosa pale inapotaka kuwa na huruma: ameharibika kwa malezi mabaya. Kauli hiyo ina sura ya lawama, lakini haina wa kulaumiwa. "Malezi" ni nomino iliyotokana na kitenzi "kulea", ambacho lazima kiwe na mlezi. Inapogeuzwa nomino, mlezi huyo hupotea. Zakaria anatoweka ndani ya sarufi kabla hata uchambuzi haujaanza.

Hali ni hiyohiyo katika suala la ujauzito. Kiswahili kinazo njia kadhaa za kulisema tukio moja: alimpa mimba, alipewa mimba, alipata mimba, alibeba mimba. Ya kwanza inamweka mwanamume katika nafasi ya kiima. Ya pili inamwondoa hapo lakini inaacha nafasi yake wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Ya tatu inaifunga nafasi hiyo kabisa, kana kwamba mimba ni kitu kinachookotwa njiani. Si bahati mbaya kwamba "kupata mimba" ndiyo namna ya kawaida katika mazungumzo ya shule, ambako msichana ndiye aliyekuwa akitoka darasani. Muhtasari wa kawaida wa riwaya hii unamfanya Rosa kuwa kiima cha karibu kila kitenzi: anatoka, anapata mimba, anaitoa, anakataliwa, anajiua. Wanaume hutokea mwishoni mwa sentensi, wakishahitajika, na mara nyingi hawahitajiki.

Tahadhari moja ya kiisimu ni lazima hapa, kwa kuwa uhakiki wa kijinsia huikiuka mara nyingi. Si kila kauli ya kutendwa ni ushahidi dhidi ya mwandishi. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwandishi asiyetaka kauli hiyo anabakiwa na "kuoana" au maelezo marefu. Ukosefu huo wa ulinganifu ni wa lugha, na unapatikana katika lugha nyingine nyingi za Kibantu. Kumshitaki Kezilahabi, au Shaaban Robert, kwa kuandika "aliolewa" ni sawa na kumshitaki kwa kuandika Kiswahili. Ushahidi hupatikana pale lugha inapotoa hiari. Kiambishi cha nafsi ya tatu, kwa mfano, hakitofautishi jinsia. Kila mahali ambapo mwandishi angeweza kuandika "mtu" au "kijana" naye akaandika "mwanamke" au "msichana", amefanya uamuzi. Kuchagua kati ya "kuharibika" na "kuharibiwa" ni uamuzi wa aina hiyo.

Kwa kipimo hicho, riwaya inatoka ikiwa mbele ya wasomaji wake wengi. Sehemu yake ya mwisho inawapeleka Rosa na baba yake ng'ambo ya kifo, mbele ya Mungu, na kuwafanya wabishane juu ya nani mwenye kosa. Wahakiki wameiona sehemu hiyo kama doa la kisanaa, nyongeza ya mahubiri katika riwaya ambayo hadi hapo ilikuwa ya kihalisia. Wana haki kwa upande wa sanaa, mshono unaonekana. Lakini kwa upande wa hoja, hapo ndipo riwaya inapokataa kauli ya kutendeka. Binti anamtaka mtenda arudi ndani ya sentensi. Anamtaka aitwe kwa jina, ajibu, na ajibu akiwa baba, si akiwa "malezi". Katika jamii ambamo binti kumshitaki baba mbele ya wazee lingekuwa jambo la aibu kubwa, mwandishi alilazimika kumtafutia Rosa mahakama ambayo baba hawezi kuwatoa watu. Riwaya ya 1971 inauliza ameharibiwa na nani. Mwongozo uliotungwa miongo kadhaa baadaye unajibu kwamba ameharibika.

Basi "wakati ule" unaohitaji kuombewa radhi ni wa nani?

Ugomvi wa wakati wenyewe

Mhakiki anayetaka kuuchukua wakati kwa uzito hana budi kuuliza ni mambo gani yalikuwa yakibishaniwa riwaya ilipoandikwa. Kezilahabi alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Miaka iliyotangulia ilikuwa ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, lakini kwa suala hili jambo zito zaidi ni jingine. Mwaka 1963 serikali ilikuwa imezikusanya sheria za kimila za makabila mengi na kuzitangaza kwa maandishi, na katika kanuni za urithi binti aliwekwa daraja la tatu, la mwisho. Mwaka 1969 serikali ikatoa mapendekezo yake kuhusu sheria moja ya ndoa, na mjadala uliozuka ukahusu mitara, mahari, ridhaa ya binti na mamlaka ya wazazi. Sheria ya Ndoa ikapitishwa na kuanza kutumika mwaka 1971, mwaka uleule wa Rosa Mistika.

Sheria hiyo si tangazo la usawa. Iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18, na tofauti hiyo imeendelea kubishaniwa mahakamani hadi karne hii. Lakini ilidai ridhaa ya hiari ya wote wawili, na haikuifanya mahari kuwa sharti la ndoa kuwa halali. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa riwaya hakuishi katika zama ambazo mamlaka ya baba juu ya mwili wa binti yalikuwa kama hewa, yasiyoonekana kwa sababu yako kila mahali. Aliishi katika zama ambazo mamlaka hayo yalikuwa mezani, yakipimwa kifungu kwa kifungu. Zakaria anapoishika fimbo yake, hashiki desturi isiyo na mpinzani. Anaishika katikati ya mabishano.

Wala waliobishana hawakuwa wanaume peke yao. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa mwaka 1962, na kabla yake Bibi Titi Mohamed alikuwa amewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa wingi uliowashangaza wakoloni na wanachama wenzake pia. Katika fasihi, Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, tamthiliya inayoshughulikia ujauzito nje ya ndoa, na Ndyanao Balisidya akatoa riwaya ya Shida mwaka 1975. Mhakiki anayesema kwamba mwandishi wa 1971 hangeweza kufikiri zaidi ya alivyofikiri anawafuta wanawake hawa kwa sentensi moja.

Hapo ndipo mipaka ya Kezilahabi inapoonekana kwa haki, kwa sababu inapimwa kwa yale yaliyowezekana. Kutoka "ameharibika" hadi "ameharibiwa" ni hatua, lakini vitenzi vyote viwili vina mzizi mmoja. Mzizi huo unadai kwamba msichana ni kitu chenye hali nzuri ya awali, na kwamba hali hiyo ikiondoka hairudi. Riwaya inabadili kiambishi na kuuacha mzizi. Inampeleka baba kizimbani kwa kosa la kumharibu binti. Haiulizi iwapo binti anaweza kuharibika kwa maana hiyo. Ndiyo maana Charles anaweza kumkataa Rosa na mantiki ya kisa ikasimama, na ndiyo maana kifo chake kinaonekana kama hitimisho badala ya kuonekana kama upotevu usio wa lazima. Kiswahili chenyewe kinachangia: "bikira" ni neno linalomdai mwanamke, na hakuna neno la kawaida linalomdai mwanamume kitu hichohicho. Lakini hili, tofauti na "kuolewa", si suala la sarufi. Ni suala la msamiati na dhana, na msamiati hukosolewa na kutungwa upya na waandishi kila siku.

Je, palikuwapo na mfano wa kuuacha mzizi huo? Ulikuwapo, tena ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Mwaka 1958 Shaaban Robert alichapisha Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke aliyezaliwa Fumba katika familia ya kitumwa, akaingia mjini Unguja, akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Siti aliandamwa kwa maneno kuhusu sura yake na asili yake. Wasifu huo haumpimi kwa kilichoondoka. Unampima kwa alichokifanya, na mwandishi wake, ambaye kwa mengine alikuwa mtu wa maadili ya kale, hakuona sababu ya kumuua ili funzo lipatikane. Siti alikuwa mtu halisi na Rosa ni wa kubuniwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, mfano huo unatosha kuonesha kwamba mwaka 1971 msomaji wa Kiswahili alikuwa amekwisha kupewa namna nyingine ya kusimulia maisha ya mwanamke.

Rehema na nyakati zake tatu

Rosa Mistika ina urahisi mmoja: kisa chake na uandishi wake viko karibu kiwakati. Nyota ya Rehema haina urahisi huo. Ilichapishwa mwaka 1976; kisa chake kiko Zanzibar ya ukoloni na usultani, kabla ya Mapinduzi ya 1964; na msomaji wa leo yuko mbali na nyakati zote mbili. Anayesema kwamba Rehema aonekane "katika wakati wake" anapaswa kusema ni upi.

Kwa wakati wa kisa, jibu linashangaza. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mashamba, na jamaa wa baba wanamkatia haki katika mali. Miongozo huliweka jambo hili chini ya kichwa cha mila kandamizi za zamani. Lakini sheria iliyotawala mirathi ya Waislamu Zanzibar wakati huo ni ya Kiislamu, nayo inampa binti fungu lake, nusu ya fungu la mwana wa kiume. Mtu anaweza kulikosoa fungu hilo kwa kuwa nusu. Hawezi kusema kwamba halikuwapo. Jamaa wanaomdhulumu Rehema hawatekelezi kanuni za zama zao. Wanazivunja, wakisaidiwa na rangi, nasaba na utajiri. Historia ikiletwa kwa ukamilifu, inakuja kuwa shahidi wa upande wa mashitaka.

Kwa wakati wa uandishi, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1976 kumchora mwenye mashamba wa zamani kama dhalimu kulikwenda sambamba na simulizi rasmi la dola iliyokuwa imegawa ardhi kwa eka tatu tatu. Dhuluma dhidi ya Rehema iliweza kusomwa kama dhuluma ya tabaka lililokwisha kuangushwa, jambo la jana. Ilhali mwaka 1970, katika Zanzibar hiyohiyo ya baada ya Mapinduzi, wasichana wenye asili ya Uajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa, na habari hizo zilienea nje ya nchi. Riwaya haigusi jambo hilo, na hailazimiki. Ina kisa chake. Hata hivyo mhakiki anayeisoma kama picha ya mwanamke "wa zamani" anairudia, bila kujua, njia ya kuwekea dhuluma tarehe ya nyuma ili wakati wa mwandishi utoke msafi.

Regina

Amebaki mhusika ambaye hoja ya "wakati ule" humwangukia kwa wepesi kuliko wote, naye hazungumzwi sana. Regina, mke wa Zakaria, anafanya kazi, analea mabinti, anavumilia ulevi na kipigo cha mumewe. Katika orodha ya nafasi za mwanamke huwa anapewa kipengele cha mke mwema na mvumilivu, mara nyingine akilinganishwa na binti yake kwa namna ya kumkomesha binti. Mwanafunzi akihoji sifa hiyo, hujibiwa kwamba kwa wakati ule mume kumpiga mke halikuwa tatizo.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kinyume. Kinatamka kwamba, hata pakiwapo mila inayokwenda kinyume, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Sheria haitungwi ikazuia jambo ambalo hakuna anayeliona, na neno "mila" halikuingia katika kifungu hicho ila kwa kuwa palikuwa na watu waliokuwa wakiitaja ili kujitetea. Kitabu na kifungu vilitoka mwaka mmoja, katika nchi moja. Riwaya inayaonesha mateso ya Regina waziwazi na kumwacha Zakaria bila udhuru; sifa ya uvumilivu wake kama fadhila imekuzwa na uhakiki uliofuata. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi wa leo kwamba Regina alikuwa mke mwema kwa vipimo vya zama zake anampa vipimo ambavyo Bunge la zama hizo lilikuwa limekwisha kuvikataa kwa maandishi.